Homa ya Siku ya Kumi: Jinsi Dawa za Saratani Zinavyoumiza Viungo

Mgonjwa anayepewa kemo, yaani dawa za saratani, katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza na kurudi kwao Ukerewe, Magu au Sengerema mara nyingi huvuka wiki ya kwanza kwa kichefuchefu na uchovu. Halafu, kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu awekewe dripu, homa inapanda. Nyumbani jibu linajulikana: ni malaria. Anapelekwa zahanati, anatobolewa kidole, kipimo kinatoa mistari miwili, anapewa mseto na kurudishwa nyumbani. Kipimo hakikudanganya. Lakini kwa mtu huyu malaria inaweza kuwa nusu tu ya habari, na nusu iliyobaki ina uwezo wa kumuua kabla dozi ya mseto haijaisha.

Dawa za kemo haziumizi mwili kiholela. Kila dawa ina viungo vyake, na kila kiungo kina wakati wake wa kuumia: kingine ndani ya saa chache, kingine wiki ya pili, kingine miaka mingi baada ya mgonjwa kuambiwa amepona. Anayeijua ratiba hiyo anaweza kuzuia sehemu kubwa ya madhara. Ugumu wa huku kwetu, kuanzia Mara hadi Kagera, ni kwamba karibu kila dhara la kemo linafanana na ugonjwa tuliouzoea. Homa inafanana na malaria, mkojo mwekundu na kichocho, kikohozi na kifua kikuu. Ugonjwa uliozoeleka ndio unaotajwa kwanza, na mara nyingi uchunguzi unaishia hapo.

Nguvu na sumu vimetoka mahali pamoja

Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu alidungwa naitrojeni mastadi, dawa ya ukoo mmoja na gesi ya sumu ya vita. Wataalamu walikuwa wameona kwamba sumu hiyo inakausha uboho wa mifupa na tezi za limfu, wakataka kujua kama itakausha pia uvimbe wa tezi hizo. Uvimbe ulipungua, ingawa si kwa kudumu. Siklofosfamaidi, ambayo hadi leo inatumika kutibu saratani ya titi na saratani ya Burkitt, ni ya ukoo huo huo.

Kuna njia tatu ambazo dawa hizi huumizia mwili. Ya kwanza ni kuua chembe zinazogawanyika haraka, na hizo haziko kwenye uvimbe pekee: uboho, ngozi laini ya mdomo na utumbo, na mashina ya nywele hugawanyika kila siku. Ya pili ni njia ya kutokea. Dawa au mabaki yake hupita kwenye ini, figo na kibofu, na huunguza zinapopita. Ya tatu ni kushambulia chembe ambazo mwili hauna namna nzuri ya kuzirudisha: za moyo, mishipa ya fahamu, sikio la ndani na mapafu. Madhara ya njia ya kwanza huja haraka na kwa kawaida hupona. Ya njia ya tatu huja polepole, na mengine hayaondoki. Nywele zinazopukutika huwatisha watu kuliko jambo lolote, lakini karibu kila mara huota tena, na hazimuui mtu.

Uboho: wiki ya pili ndiyo ya hatari

Uboho ndio unaotengeneza damu. Damu ina chembe za aina tatu, na umri wake ndio unaoamua ipi itapungua kwanza. Neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, hukaa kwenye damu kwa takriban siku moja au chini ya hapo. Chembe sahani zinazogandisha damu huishi siku 7 hadi 10. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Mtu anayelijua soko la Mwaloni Kirumba ataelewa mara moja: mitumbwi ikikosa kwenda ziwani siku mbili, meza za sato wabichi huwa tupu, ilhali magunia ya dagaa wakavu yanaendelea kuuzwa kwa wiki kadhaa. Kemo inaposimamisha uzalishaji, neutrofili huisha kwanza, chembe sahani hufuata, na upungufu wa damu hujitokeza taratibu baada ya mizunguko kadhaa ya dawa.

Neutrofili zikishuka chini ya 500 kwa kila maikrolita moja ya damu, bakteria wa kawaida walioko utumboni mwa mgonjwa mwenyewe huweza kuingia kwenye damu. Hapo ndipo penye mtego mkubwa. Usaha, uvimbe na wekundu wa kidonda hutengenezwa kwa sehemu kubwa na chembe hizo hizo zilizokosekana. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na maambukizi mazito huku koo lake halina usaha, kidonda hakijavimba na picha ya kifua inaonekana safi. Homa inaweza kuwa dalili pekee atakayoitoa.

Kiwango ni hiki: joto la nyuzi 38.3 likipimwa mara moja tu, au nyuzi 38.0 likidumu saa nzima. Kila nyumba yenye mgonjwa wa kemo inapaswa kuwa na kipimajoto, na joto lipimwe kabla ya kumeza parasetamoli, kwa sababu parasetamoli hushusha joto huku bakteria wakiendelea na kazi yao. Vidonge vya deksamethasoni vinavyotolewa kuzuia kutapika navyo huweza kuficha homa. Kwa hiyo mgonjwa anayetetemeka kwa baridi au aliyeanza kuchanganyikiwa apelekwe hospitali hata kama kipimajoto kinasoma 37.

Aende hospitali yenye maabara ya damu na antibiotiki za sindano, na neno la kwanza mapokezi liwe: "Nilipata kemo tarehe fulani." Lengo la kitabibu ni antibiotiki ya kwanza kuingia kwenye mshipa ndani ya saa 1 tangu mgonjwa afike, bila kusubiri majibu yote. Malaria ipimwe pia, na ikionekana itibiwe. Lakini kipimo chanya kisiwe sababu ya kuacha antibiotiki. Kipimo cha haraka cha malaria husoma protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyetibiwa malaria mwezi uliopita anaweza kutoa jibu chanya leo, kumbe homa yake inatokana na bakteria.

Aliye kisiwani homa ikampanda usiku asisubiri meli ya asubuhi kuja Mwanza. Aanzie hospitali ya wilaya iliyo karibu, antibiotiki ianze, ndipo rufaa ifuate. Ikiwezekana, katika mzunguko wa kwanza alale kwa ndugu mjini kuanzia siku ya 7 hadi ya 14, maana mzunguko wa kwanza ndio unaoonyesha uboho wake unaihimili dawa kiasi gani.

Katika siku hizo hizo kitu chochote kisiingizwe njia ya haja kubwa, iwe dawa ya kuweka au maji ya kusafisha tumbo. Mchubuko mdogo pale ni mlango wazi kwa bakteria. Sindano za kwenye msuli nazo ziepukwe kama chembe sahani ziko chini, kwa sababu damu huvilia ndani.

Mzunguko unaofuata kwa kawaida huendelea neutrofili zikiwa zimerudi angalau 1,000 hadi 1,500, kutegemea mpango wa tiba, na chembe sahani 100,000. Daktari akisema dawa isogezwe wiki moja, hiyo ni sehemu ya tiba. Kuna pia sindano ya filgrastimu inayosukuma uboho utoe neutrofili haraka. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye selimundu, na kwao sindano hiyo inaweza kuzusha maumivu makali ya mifupa na kifua, hata kuhatarisha maisha. Mwenye selimundu aseme kabla ya kuchomwa, hata kama hakuulizwa.

Figo na kibofu

Baada ya doksorubisini, ile dripu nyekundu, mkojo huwa na rangi ya chungwa au nyekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa yenyewe, haina maumivu, na huondoka. Damu ni jambo jingine. Siklofosfamaidi inapovunjwa na ini hutoa kemikali iitwayo akrolini, ambayo hukusanyika kwenye kibofu na kuunguza ukuta wake. Mgonjwa hukojoa kwa maumivu, mara kwa mara, na mkojo huwa na damu au mabonge. Hapo kichocho hulaumiwa haraka, hasa kwa watu wa vijiji vya mbali na ziwa, wa madimbwi na mashamba ya mpunga, ambako kichocho cha kibofu ndiko kilikojaa zaidi. Aliye kandokando ya ziwa mara nyingi ana kichocho cha utumbo. Njia iliyo salama ni kupima na kutibu kichocho kabla ya kemo kuanza. Prazikwanteli ya miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito humezwa kwa siku moja. Damu ikija baada ya hapo, hakuna wa kupoteza siku akibishana.

Kinga ya kibofu ni rahisi na ina nguvu: lita 2 hadi 3 za maji siku ya dawa na siku inayofuata, kwa mtu ambaye daktari hakumzuia maji kwa sababu ya moyo au figo, kukojoa kila baada ya saa mbili, na kutolala na kibofu kilichojaa. Ndiyo sababu dawa hii hupendelewa itolewe asubuhi. Dozi ikiwa kubwa huongezwa mesna, ambayo huikamata akrolini kabla haijaunguza.

Sisplatini ni ukali wa aina nyingine. Wanawake wengi wenye saratani ya shingo ya kizazi huipata mara moja kwa wiki, miligramu 40 kwa kila mita mraba ya mwili, pamoja na mionzi. Hujikusanya kwenye mirija midogo ya figo na kuiharibu, na figo iliyoharibika hivyo huvujisha magnesiamu na potasiamu. Magnesiamu ikishuka mgonjwa hukakamaa misuli, hutetemeka, na moyo huweza kupoteza mpigo wake. Ndiyo maana dripu ya sisplatini hutanguliwa na kufuatiwa na maji ya chumvi, kwa kawaida lita 1 hadi 2, yakiwa yameongezwa madini hayo. Saa zile ndefu kwenye kiti ndizo zinazolinda figo, na hakuna anayepaswa kuomba zifupishwe ili awahi basi.

Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ina udhaifu ambao wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Inaweza kubaki "nzuri" hadi figo zimepoteza karibu nusu ya uwezo wake. Tena kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo mgonjwa aliyekonda sana atakuwa na namba ndogo inayopendeza huku figo zake zimechoka. Zaidi ya hayo, saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa huweza kuibana mirija ya mkojo, na mama akaanza tiba akiwa tayari na figo dhaifu. Namba ya kreatinini isomwe pamoja na uzito, umri na picha ya ultrasaundi.

Madhara makubwa ya figo mara nyingi hukamilikia nyumbani. Sisplatini hutapisha siku ya kwanza, kisha hutapisha tena kati ya siku ya 2 na ya 5. Mtu anayetapika hanywi, mwili unakauka, na figo zinabaki na sumu bila maji ya kuisukuma. Kisha anaumwa mgongo, anakwenda duka la dawa, anachomwa diklofenaki. Au anapata homa na kupewa jentamaisini. Zote mbili hushambulia figo hizo hizo. Anayetumia dawa za VVU zenye tenofovia ana mzigo wa tatu, na daktari wa kliniki ya VVU anapaswa kujua kwamba sisplatini imeanza. Vidonge vya kuzuia kutapika vimezwe kwa siku zote zilizoandikwa, hata kama mgonjwa anajisikia nafuu, na chumvichumvi za ORS zisikosekane nyumbani.

Sisplatini hiyo hiyo huumiza sikio la ndani. Mlio masikioni, na kushindwa kusikia sauti nyembamba kama za watoto na ndege, ni dalili za kusema mapema, kwa sababu chembe za sikio zikifa hazioti tena.

Katika saratani ya Burkitt, ambayo huvimbisha taya na tumbo za watoto wa ukanda huu, hatari ya figo hugeuka upande. Chembe za uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili, na pia hufa haraka mno dawa ya kwanza ikiingia. Zinapopasuka kwa pamoja humwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki, na asidi hiyo huziba figo. Mtoto hupewa alopurinoli na maji mengi ya mshipa kabla ya dozi ya kwanza, na mkojo wake hupimwa kwa chombo. Mzazi akiona mtoto hajakojoa kwa saa sita, amwite nesi hapo hapo.

Moyo hauhesabu mizunguko, unahesabu miligramu

Dozi nyingi za kemo hupimwa kwa ukubwa wa mwili. Zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mama wa sentimita 160 na kilo 58 hupata mita mraba 1.6. Doksorubisini ya miligramu 60 kwa mita mraba inakuwa miligramu 96 kila mzunguko. Baada ya mizunguko 4 ya kawaida ya saratani ya titi atakuwa amefikisha miligramu 240 kwa mita mraba, na hesabu hiyo haifutiki maishani.

Doksorubisini huzalisha kemikali kali ndani ya chembe za moyo na kuvunja vinasaba vyake. Chembe moja moja hufa bila dalili. Katika uchambuzi unaotumika sana, moyo ulishindwa kwa takriban watu 5 kati ya 100 walipofikia 400 kwa mita mraba, na 26 kati ya 100 walipofikia 550. Kwa hiyo madaktari wengi husimama kati ya 450 na 550, na chini zaidi kwa mtoto, mwenye shinikizo la damu la muda mrefu au aliyepigwa mionzi kifuani. Kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kabla ya kuanza ndicho msingi wa kulinganisha baadaye. Miguu kuvimba, kukosa pumzi unapolala chali na kuamka usiku kutafuta hewa visichukuliwe kuwa upungufu wa damu tu. Anayehama kutoka hospitali moja kwenda nyingine, tuseme kutoka Mwanza kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, aende na jumla ya miligramu alizokwisha kupata, maana mahali papya hawawezi kuikisia.

Doksorubisini ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama. Mgonjwa akisikia moto au kuchoma penye kanula aseme sekunde hiyo hiyo, asione haya. Nesi atasimamisha dripu, atavuta dawa iliyobaki kupitia kanula hiyo hiyo kabla ya kuitoa, na ataweka ubaridi. Kwa vinkristini huwekwa joto, na anayechanganya hayo mawili huongeza jeraha.

Mishipa ya fahamu, mapafu na ini

Vinkristini huzuia usafirishaji ndani ya mishipa ya fahamu, na mishipa mirefu huumia kwanza. Mtoto huanza kuburuta vidole vya mguu, hujikwaa penye tambarare, au hulalamika taya. Utumbo nao hulala. Siku tatu bila choo na tumbo limejaa ni dharura, na dawa ya kulainisha choo huanzishwa siku ile ile ya sindano. Kwa sababu hii dozi moja hufungwa isizidi miligramu 2 hata kwa mtu mkubwa. Vinkristini ikiingizwa kwenye uti wa mgongo huua. Mtoto wa Burkitt huhitaji methotreksati ya uti wa mgongo katika tiba hiyo hiyo, kwa hiyo usalama uko katika kutenganisha siku za dawa hizo mbili, na kuitoa vinkristini ndani ya mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano. Mzazi ana haki ya kuuliza dawa iliyoko mkononi inaitwaje na inakwenda wapi.

Paklitakseli huleta ganzi na kuwaka moto kwenye nyayo na viganja. Dawa ya kifua kikuu, isoniazidi, hufanya vivyo hivyo, na ugonjwa wa kisukari pia. Vitamini B6 husaidia ganzi ya isoniazidi, lakini haijathibitika kuiponya ya paklitakseli. Kwa hiyo anayeshindwa kufunga vifungo vya shati aseme, ili dozi ipunguzwe kabla ganzi haijawa ya kudumu.

Methotreksati huzuia kazi ya foleti mwilini, na septrini ina kiungo chenye kazi inayofanana. Zikikutana, mdomo huchubuka vibaya na uboho hukauka. Wengi wanaoishi na VVU humeza septrini kila siku bila kuihesabu kuwa dawa. Aspirini na diklofenaki nazo huizuia methotreksati isitoke mwilini.

Kwa ini, kipimo cha homa ya ini aina ya B kinatakiwa kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu virusi vilivyolala huamka kinga ikishuka, na macho huwa ya manjano katikati ya tiba au miezi baadaye. Dawa ya kuvizuia ipo. Na kuhusu miti shamba, jambo la kujua ni kwamba ini ndilo linalovunja karibu kila kitu, na mizizi ya kuchemsha inaweza kuharakisha au kuchelewesha uvunjaji wa kemo bila mtu kuona. Uasili haumaanishi usalama. Vinkristini yenyewe imetolewa kwenye mmea wa Madagaska, wenye maua ya waridi, unaopandwa kama pambo kwenye nyua nyingi, na huo ni sumu ukitafunwa.

Mdomo huchubuka kati ya siku ya 5 na ya 10. Nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu cha magadi ya kuokea, ndani ya glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vitumike kusukutua mara nne kwa siku. Mgonjwa ale samaki, maharage na mayai yaliyoiva kabisa. Dagaa walioanikwa mchangani waoshwe na kuchemshwa vizuri. Maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa.

Kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi hubeba dawa. Anayeuguza avae glavu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, na mama mjamzito asizishike.

Kila mgonjwa awe na daftari la jina la dawa, tarehe, miligramu na jumla. Litahitajika hata baada ya kupona, hasa kwa aliyepata bleomisini kwa ajili ya saratani ya Kaposi. Dawa hiyo hukakamaza mapafu, hatari ikiongezeka sana jumla inapozidi yuniti 400, na kikohozi chake kikavu mara nyingi hutibiwa kama kifua kikuu. Oksijeni nyingi inaweza kuliamsha dhara hilo muda mrefu baadaye. Kwa hiyo kabla ya upasuaji wowote, hata wa ngiri, mtaalamu wa dawa ya usingizi aonyeshwe daftari hilo ili atumie kiasi kidogo cha oksijeni kinachotosha.